Mpishi wa Ndugu Watatu

Muulize mtu yeyote aliyecheza dansi Kibondo au Kasulu kati ya mwaka sabini na nne na sabini na saba, atakuambia kwamba bendi ya Ndugu Watatu ilikuwa na watu watatu. Longinus gitaa la solo, Tharsisi gitaa la besi, Cleophas ngoma. Ukimbana sana atakumbuka kwamba walikuwa na dada yao, msichana mrefu, mkimya, aliyekuwa akiwapikia. Atakuapia kwa jina la Mungu, wala hatakuwa amekudanganya kwa makusudi, maana uongo wenyewe alilishwa na wenye bendi, akaumeza, akashushia na pombe ya ndizi.

Msichana huyo aliitwa Odilia, na ngoma zote walizozicheza watu hao zilikuwa zake.

Baba yao, mzee Ndihokubwayo, alivuka mpaka kutoka Burundi mwaka sitini na tano akiwa na mke, watoto wanne na sufuria mbili, akapokelewa na ndugu wa mkewe huko Nyabibuye. Kwao alikotoka alikuwa mpiga ngoma, mwana wa mpiga ngoma, mjukuu wa mpiga ngoma. Ukoo wao haukuwa na sifa ya kulima wala ya kufuga. Sifa yao ilikuwa mikono. Na ukoo huo ulikuwa na sheria moja ambayo haikuandikwa popote: mwanamke hagusi ngoma. Ampikie mpigaji, amwimbie, ampigie vigelegele, amfute jasho, yote hayo ruksa. Akiigusa ngoma, walisema, tumbo lake litafunga na ukoo utapata msiba.

Longinus, kifungua mimba, hakuitaka ngoma, kwa hiyo zamu ikamwangukia Cleophas. Baba alimfundisha kila siku uani kwa miaka sita, yeye na vijiti na gogo. Kazi bure. Cleophas alikuwa kijana mcheshi, mwenye sura nzuri na meno ya kuonyesha, lakini mikono yake ilikuwa mizito, ikichelewa kila mahali kama mtu anayefika msibani watu wameshazika. Odilia, aliyekuwa akitwanga mihogo hatua kumi kutoka hapo, alishika yote bila kufundishwa. Alijificha migombani na vijiti viwili akayapiga mashina ya migomba mpaka yakatoka maji. Hakuna aliyejua ila Tharsisi, kitinda mimba, naye alinyamaza.

Bendi ilianzia kwa mwalimu Melkiadi, mtu wa Bukoba aliyepangiwa kazi Kibondo. Alikuja na santuri za roki, za vijana wa Ulaya na za Wazambia, muziki wa gitaa linalolia kama msumeno uliokutana na msumari. Longinus alikuwa akifyeka majani ya shule. Alisimama dirishani kwa mwalimu karibu mwezi mzima, mpaka mwalimu akachoka kumwona, akamwita ndani na kumfundisha. Mwalimu alipohamishwa alimwachia magitaa mawili, la solo na la besi, na ampli moja inayotumia betri ya lori. Ngoma walizipata misheni, mabaki ya bendi ya gwaride: kubwa moja, ndogo mbili, na sahani ya bati iliyopasuka ukingoni.

Siku ya kwanza ya mazoezi Cleophas alikaa kwenye ngoma, na ndani ya wimbo mmoja Longinus akaweka gitaa chini kwa uchungu. Ndipo Tharsisi akasema, "Mwacheni Odilia ajaribu." Odilia alijaribu. Walipomaliza, Longinus akaanza kucheka peke yake, kicheko cha mtu aliyeokota mali njiani na tayari anatafuta pa kuificha.

Pa kuificha palipatikana. Kitenge kikubwa cheusi na chekundu kilitandazwa kwenye kamba mbele ya ngoma, na Longinus akawa na maelezo yake kwa watazamaji. Ngoma za kwao, alisema, ni za heshima, hazitazamwi zikipigwa. Watu wakazidi kuja, maana mtu ukimwambia hiki hakitazamwi umeshamuuzia. Odilia aliingia nyuma ya kitenge kabla watu hawajafika, na Cleophas akajibanza naye humo humo, amekaa juu ya ndoo iliyofunikwa, akitikisa miguu. Wimbo wa mwisho ulipokaribia kwisha, Cleophas alifunua ndoo, akachota maji, akajimwagia kichwani na kifuani, akakimbilia mbele akitiririka, kifua kikipanda na kushuka. Uwanja ukalipuka kwa shangwe. Kama kuna mtu aliyewahi kuvikwa kilemba cha ukoka akakifunga mwenyewe vizuri mbele ya kioo, ni Cleophas.

Na maji ya ile ndoo aliyachota nani kisimani? Mpishi.

Walizunguka hivyo miaka mitatu. Kibondo, Kifura, Busunzu, Makere, mpaka Kasulu na vijiji vyake, baiskeli mbili zikibeba magitaa na betri, ngoma zikipandishwa juu ya malori ya maharage na Odilia akipandishwa juu ya ngoma. Walipiga mchana, baada ya misa au baada ya gulio, kwa sababu hawakuwa na taa. Kila kijiji cha ujamaa walichofika walimwonyesha mwenyekiti kibali, na kibali kilisema: wanamuziki watatu, mpishi mmoja. Kwenye mchanga na kwenye matope, wanamuziki watatu, mpishi mmoja. Hawakuwa na tajiri juu yao wala shirika, nao walijivunia jambo hilo kila walipokaa. Sisi hatuna bwana, Longinus alipenda kusema, huku dada yake akimfulia shati.

Wimbo wao uliopendwa kuliko zote ulikuwa na kiitikio hiki: mkono uliolima ndio uvune. Longinus aliutunga mwenyewe na kuuimba amefumba macho, mishipa ya shingo imemtoka, na wakulima waliotoka kuhamishwa mashambani kwao walilia waliposikia. Odilia aliupiga wimbo huo mara mamia. Mwanzoni alitabasamu mafichoni kwake. Baadaye alipofika kwenye kiitikio alikuwa akiuma meno, na watu wakasema siku hizi Cleophas anapiga kwa nguvu zaidi.

Kijiji cha Kagerankanda ndiko uvumilivu wa Odilia ulikoanza kukatika. Bibi mmoja alijipenyeza katikati ya watu, akapiga magoti mbele ya Cleophas aliyelowa maji, akamkabidhi kuku. Alisema mumewe marehemu alikuwa mpigaji, na tangu azikwe hajasikia mikono ya namna ile. Akaishika mikono ya Cleophas na kuibusu. Cleophas akakubali kubusiwa. Hakuondoa hata kidole. Kisha akampelekea dada yake kuku yule amchinje, na jioni walipokula, Odilia akawekewa shingo na miguu.

"Kaka," alimwambia Longinus, sahani ameiweka chini bila kuigusa, "lini utaniondoa nyuma ya kitenge?"

"Subiri kidogo, dada yangu, mushiki wanje. Tukishajulikana."

"Tukishajulikana nani?"

Longinus alitafuna. "Unajua data alivyo. Akisikia kwamba binti yake anapiga ngoma atakufa. Unataka kumuua baba yako?"

Hili lilikuwa jibu lao la kila siku. Baba, ambaye hakuwa hapo, ndiye aliyefungia mlango. Lakini haikuwa baba aliyejimwagia maji, wala haikuwa baba aliyekula paja la kuku. Odilia aliliona hilo waziwazi, akalinyamazia, na kunyamaza kwake kulimuudhi kuliko maneno yao.

Kisha gari la redio likaja Kasulu. Lilikuwa likizunguka mikoani kurekodi muziki, na bendi zenye kibali ziliambiwa zifike kwenye ukumbi siku ya Jumamosi asubuhi, kila moja wimbo mmoja. Usiku kucha Odilia hakulala. Alikuwa na wazo moja tu: redioni hakuna kitenge. Redioni mtangazaji hutaja jina la kila anayepiga. Akasema moyoni, nitapiga hivi kwamba hakuna mwenye haya atakayethubutu kuandika jina la mtu mwingine. Lilikuwa wazo la kitoto. Wenye haya walikuwa wachache.

Fundi mitambo alikuwa mtu wa Tanga aitwaye Hilali, mpole, mwenye miwani na kalamu mbili mfukoni. Longinus alianza hadithi yake ya ngoma zisizotazamwa. Hilali akamkatisha kwa adabu, akasema yeye hana haja ya kutazama ila kinasa sauti lazima akiweke mwenyewe, akafunua kitenge. Alimkuta Odilia ameshika vijiti na Cleophas ameketi juu ya ndoo. Aliwatazama wote wawili, akaweka kinasa sauti chake, akatoka.

Walipiga. Sitaeleza alivyopiga, kwa kuwa aliyesikia amesikia. Ilitosha kwamba mlinzi wa ukumbi aliacha mlango wake akaja kusimama ndani na fimbo yake, na Hilali alivua miwani.

Mwisho wa wimbo Hilali alirudi nyuma ya kitenge na fomu. "Dada, mwaka wa nne huu nazunguka na mashine hizi," alisema. "Mkono kama wako sijausikia. Nitajie jina lako."

"Odilia Ndihokubwayo."

Alikuwa ameshaandika jina la kwanza pale Longinus alipofika mbio. "Andika Cleophas, ndugu. Mpiga ngoma ni Cleophas."

"Nimemwona kwa macho yangu."

"Ni mambo ya mila. Kwetu mwanamke hatajwi kwenye ngoma. Baba yetu yu hai, anasikiliza redio."

Hilali alimtazama Odilia. Odilia alifungua mdomo aseme, naye Longinus akamshika bega, kwa upole kabisa, kama mtu anavyomshika ng'ombe anayekamuliwa. Hilali akashusha pumzi. "Haya. Mila zenu mnazijua wenyewe," akasema, akakata jina na kuandika lingine juu yake.

Kwa siku nyingi baadaye Odilia alimchukia Hilali kuliko kaka zake. Kaka zake walikuwa na la kupoteza. Yule alikuwa mtumishi wa serikali, msomi, ameona kwa macho yake, kalamu iko mkononi mwake, na aliona ni adabu kunyamaza.

Wimbo ulitangazwa baada ya wiki tatu. Jumatatu yake ikaja barua kutoka Nyabibuye, imeandikwa na katekista kwa niaba ya baba: watoto wote waje nyumbani, mbuzi amepatikana. Ndugu Watatu walipanda lori la Kibondo wakicheka. Njia nzima Cleophas alisimuliwa na abiria jinsi alivyopiga redioni, naye akawaeleza kwa mikono.

Nyumbani palijaa watu. Wajomba, majirani, wazee waliovuka mpaka pamoja na baba. Mbuzi alikuwa tayari kwenye masufuria. Mama yao, Immakulata, alimpokea Odilia jikoni, akaishika mikono yake kumsalimia, akaigeuza, akaona sugu kwenye viganja. Alimpa kisu na kikapu cha ndizi.

"Mama, leo watamwambia," Odilia alisema. "Wakishindwa wao, nitamwambia mimi."

"Ni siku moja tu, mwanangu. Mpe baba yako siku moja."

"Nimewapa miaka mitatu."

"Basi moja haitakushinda," mama akasema, akageukia moto. Hivyo ndivyo wanawake wa nyumba ile walivyolelewa, kila mmoja akimwomba mwenzake siku moja.

Baada ya nyama mzee Ndihokubwayo alisimama. Miguu yake ilikuwa mibovu, akaegemea mwimo wa mlango. "Nilivuka Malagarasi nikaacha nyumba, ng'ombe, na ngoma ya baba yangu," alisema. "Nikajua ukoo umekatika mikono. Majuzi nimewasha redio dukani, nikaisikia mikono ya baba yangu. Nimelia mbele ya watu, sioni haya kusema."

Odilia alikuwa amekaa chini na wanawake karibu na jiko. Maneno yale yalimpasua. Mikono ya babu yake ilikuwa mapajani mwake, inanuka vitunguu, na mzee aliyeitambua kutoka redioni hakuweza kuitambua hatua tano kutoka alipo.

Mzee akaingia ndani, akatoka na kitu kimefungwa kwenye gome la mgomba. Zilikuwa fimbo mbili za kupigia ngoma, imirisho, za baba yake, ambazo alizivusha mpakani ndani ya nguo zake. Wajomba wakatoa nyuma ya nyumba ngoma mpya ya mti wa muvugangoma, imewambwa ngozi ya ng'ombe. Baba aliichonga mwenyewe kwa mwaka mzima, tangu aliposikia sifa za Cleophas, bila kumwambia mtu. Maana desturi ya kwao ni hii: baba hatangazi siku ya kurithisha mpaka nyama iliwe, na anayepokea fimbo hashukuru kwa mdomo. Anapiga hapo hapo, mbele ya ukoo, baba akiita kwa sauti na yeye akijibu kwa ngoma.

Kitenge kilikuwa kimekunjwa ndani ya kapu, na hakuna ndoo ya maji ambayo ingemsaidia. Cleophas alipokea fimbo. Uso wake ulikuwa umekwisha rangi. Alimtafuta Longinus kwa macho, Longinus akatazama kucha zake. Ndipo akamtafuta Odilia, na Odilia, ambaye miaka mitatu hakuwahi kumwacha aaibike, alimtazama moja kwa moja mpaka Cleophas akageuka.

Baba akaita. Cleophas akajibu, akachelewa. Baba akaita tena, polepole, kama anavyoitwa mtoto. Cleophas akajibu, akakosa katikati, akaanza upya, akakosa palepale. Wazee waliokuwa wakitingisha vichwa wakaacha. Mara ya tatu baba hakuita. Alimfuata Cleophas, akamshika mkono, akafungua kiganja. Kilikuwa laini.

Wakati huo mama alikuwa amemtuma Odilia na maji ya kunawa wageni, huenda kwa bahati, huenda la. Alifika mbele ya baba yake na birika. Mzee alinyoosha mikono anawe, macho yake yakaangukia vidole vilivyoshika birika. Akamshika kifundo cha mkono, akakigeuza kiganja juu. Alikitazama kwa muda mrefu, akapitisha kidole gumba juu ya sugu, moja baada ya nyingine. Odilia aliona kwamba amejua. Aliona zaidi ya hapo: kwa nukta moja uso wa mzee ulifurahi. Furaha kamili, ya mtu aliyepata kilichopotea.

Halafu akaufunga uso. Akauachia mkono, akawageukia watu. "Kijana amechoka na safari," alisema. "Pombe iletwe."

"Hakuchoka, data," Odilia akasema. Hakupaza sauti. "Hajui. Aliyepiga redioni ni mimi."

Longinus alisema jina lake kwa kunong'ona. Mzee hakumtazama binti yake. Alizichukua fimbo mikononi mwa Cleophas, akazifunga tena kwenye gome, uzi baada ya uzi, kisha akamrudishia Cleophas zikiwa zimefungwa.

"Leo hapa hakuna aliyesikia neno," alisema.

"Ego," wakaitikia wazee. "Hatukusikia."

"Hatukusikia," wakasema wajomba, vinywa vinang'aa mafuta. Hata Tharsisi, aliyekuwa wa kwanza kuyajua yote, alitikisa kichwa kukubali. Na pombe ikaletwa, na watu wakanywa, na mmoja akaanza wimbo. Odilia alisimama na birika lake katikati ya uwanja, na waliotaka kunawa wakamnyooshea mikono. Aliwamwagia. Alimaliza mstari wote, kwa sababu mikono yake ilishazoea kazi, lakini ndani yake hapakubaki mtu wa kuombwa siku moja.

Asubuhi alifunga nguo zake kwenye kanga. Longinus alimkuta nyuma ya nyumba, akadhani anafungasha kwa ajili ya safari ya bendi. Longinus alionekana kama mtu aliyetua mzigo.

"Umeona, mambo yamepita," alisema. "Data kanyamaza. Jumamosi tunatakiwa Makere, na watu wametoka kutusikia redioni, uwanja hautatosha. Ukifika kwanza ukague ile ngoma ndogo, ngozi imelegea."

"Mwambie mpigaji wenu aikague."

"Odilia. Bila wewe hatuna bendi."

"Jana walikuwepo watu hamsini. Ungewaambia wao."

Longinus akafungua mikono. "Sasa Makere nani atapiga?"

Odilia aliinua furushi, akaliweka kichwani, akalisawazisha bila haraka.

"Mpigaji mnaye," alisema. "Ameshachinjiwa mbuzi."